Kashinda tena: ni mwizi?

Swali: Tuko sita, tunacheza poka kila Ijumaa Sinza. Juzi jamaa mmoja kashika ree mbili, karata bora kabisa za kuanzia, mara mbili, usiku huo huo. Tumfukuze?

Jibu: Hesabu kwanza. Ree mbili humjia mchezaji mara moja katika migao 221, kwa wastani. Mkigawa mara themanini usiku, watu sita, mezani kwenu zitatua mara mbili hivi kila Ijumaa. Zikimwangukia mtu yule yule, inakera, lakini haijawa ushahidi. Mimi ningeshtuka kama zinamjia kila anapogawa mwenyewe. Nani aligawa? Hamkusema, na waliopigwa huwa hawasemi hilo. Nunueni pakiti mbili za rangi tofauti, na aliyechanga karata asiwe wa kuzikata.

Swali: Mimi ni mama wa Temeke. Nilishinda chungu kikubwa, yaani pesa zote zilizowekwa mezani, kasino kwa karata mbovu, mwanamume mmoja akaniita mwizi mbele za watu. Nimrudishie pesa yaishe?

Jibu: Usirudishe hata mia, dada yangu. Septemba 2022 huko California, mchezaji wa poka Robbi Jade Lew alikuwa na ghulamu wa pau na nne ya kopa, hana hata jozi, akamfuata mpinzani wake Garrett Adelstein aliyeweka pesa zake zote. Chungu kikafika dola 269,000, naye akashinda. Kucheza ovyo si wizi. Kisha akamrudishia dola 135,000, na papo hapo watu wakauliza: kama hakuiba, karudisha ya nini? Desemba uchunguzi wa waandaaji wa mchezo huo ukamalizika bila kupata ushahidi wa wizi, lakini ile pesa iliyorudishwa bado inanong'onwa. Wewe mwite msimamizi wa kasino, mwambie atazame kamera mbele ya huyo bwana.

Swali: Poka ya kwenye simu, kila mara napigwa na karata ya mwisho. Imepangwa?

Jibu: Wizi wa mtandaoni upo. Mwaka 2007 kwenye tovuti ya Absolute Poker kuna akaunti iliyokuwa ikiona karata za wenzake, na wachezaji wenyewe ndio waliofichua kwa kupekua kumbukumbu za migao. Wewe una kumbukumbu, au una hasira? Ree mbili hupigwa na wafalme wawili karibu mara moja katika tano.

Swali: Shemeji anagawa karata za chini ya pakiti. Nimemwona!

Jibu: Umemwona, na bado unamwachia agawe?