Usifiche Funguo: Maneno kwa Mwimbaji Chipukizi Anayempenda Mpiga Gitaa Mlevi

Kila mwaka hujiunga na bendi binti mmoja au wawili wenye sauti nzuri, daftari la nyimbo na mapenzi mapya kwa mwanamuziki aliyewatangulia katika kazi, ambaye bendi nzima inajua kwamba hunywa kupita kiasi isipokuwa binti mwenyewe, au tuseme naye anajua lakini anaamini kwamba yeye ndiye atakayekuwa dawa. Nimeimba katika bendi za hoteli za Nairobi, Nakuru na Eldoret kwa miaka 19, na saba kati ya hiyo nilikuwa mchumba, kisha mke, wa mpiga gitaa wa aina hiyo. Sitawaambia mpende nani, kwa kuwa sijaona mtu aliyewahi kuusikiliza ushauri wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nilipewa na mama yangu mzazi nikaupuuza. Ninachoweza kuwapa ni mambo ya kazi, yaani namna ya kuulinda uimbaji wenu wakati nyumbani kuna chupa.

Nitaanzia mbali, Marekani, kwa sababu huko ndiko zilikotoka nyimbo tulizozipiga. Anayeijua Kenya anajua jinsi muziki wa kantri (country) ulivyo na wapenzi wengi huku kwetu, na katika daftari langu karibu nusu ya kurasa zilikuwa nyimbo za waimbaji wawili wa muziki huo, Tammy Wynette na George Jones, nyingine wakiimba pamoja na nyingine kila mtu peke yake. Niliziimba kwa miaka kadhaa kabla sijayajua maisha yao. Nilipoyajua niliona haya, kwa kuwa mengi niliyodhani yamenipata mimi tu yalikwisha kuwapata watu wale kabla sijazaliwa.

Tammy alizaliwa Mississippi mwaka 1942 kwa jina la Virginia Wynette Pugh, akafiwa na baba yake kabla hajatimiza mwaka mmoja, akalelewa na babu na bibi na kuchuma pamba katika shamba lao. Alijifunza kazi ya saluni. Mwaka 1966 alihamia Nashville akiwa na watoto watatu wa kike, akabisha hodi katika ofisi za kampuni za kurekodi hadi mtayarishaji Billy Sherrill alipomkubali na kumpa jina la Tammy. Haikupita miaka miwili akawa nyota, na Chama cha Muziki wa Kantri kikamtunuku kuwa mwimbaji bora wa kike kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1970. Humo katikati, Februari 1969, aliolewa na George Jones, mwanamume aliyemzidi karibu miaka 11 na ambaye sauti yake alikuwa akiisikiliza katika santuri tangu usichana wake.

Hapo pana jambo ambalo chipukizi wengi hawalioni. Ukimpenda mwanamuziki kupitia kazi yake, unakuwa umeipenda sauti kabla ya kumjua mtu, na sauti iliyo katika santuri hailewi kamwe. Kila ukiiweka inakuja ikiwa imeoga na imelala vya kutosha. Mtu mwenyewe ana historia yake. George alikuwa mtoto wa Texas, na baba yake alikuwa na desturi ya kurudi usiku amelewa, akamwamsha kitandani na kumlazimisha aimbe, la sivyo achapwe. Kwa hiyo wimbo na pombe viliingia maishani mwake kwa mlango mmoja. Mume wangu naye alijifunzia gitaa katika kilabu cha busaa, pombe ya kienyeji, kijijini kwao, na malipo yake ya kwanza ya muziki, kama alivyopenda kusimulia huku akicheka, yalikuwa kopo la busaa. Nilikuwa nikicheka pamoja naye. Ningekuwa na akili ya leo ningemwuliza kama amewahi kupanda jukwaani hata mara moja bila kunywa, na kama jibu lingekuwa hapana, ningejua ukubwa wa kazi iliyo mbele yetu.

Sasa nije kwenye funguo. George mwenyewe amesimulia kwamba, kabla ya kumwoa Tammy, mke wake wa wakati ule alikuwa akificha funguo za magari yote ya nyumbani ili asiweze kwenda kununua pombe. Siku moja alitazama nje akaiona mashine ya kukatia nyasi, ile kubwa inayokaliwa kama trekta dogo, nayo ina ufunguo wake. Duka la pombe lilikuwa umbali wa maili 8 hivi, yaani kilomita 13, na mashine haikuzidi maili 5 kwa saa. Aliipanda, akaenda nayo barabarani kwa zaidi ya saa moja na nusu, akafika. Tammy naye ameeleza kisa kinachofanana na hicho katika ndoa yao: aliamka saa saba usiku akakuta kitanda kitupu, akaendesha gari hadi baa iliyo maili 10 kutoka nyumbani, na pale nje, karibu na mlango, akaikuta mashine ya nyasi imeegeshwa. Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi huwatazama wake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakipekua nyumba wakitafuta mahali papya pa kuficha funguo, ilhali mmoja wao alikuwa mwimbaji mkubwa aliyepaswa kuwa amelala akiipumzisha sauti yake.

Kwangu hapakuwa na mashine ya nyasi. Palikuwa na amplifaya ya zamani iliyo wazi nyuma, na humo ndani, kando ya spika, mlienea chupa ndogo ya vodka bila hata kugusa waya. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuigundua, na niliigundua kwa sababu ilianza kutetemeka na kulia kila besi ilipopiga noti za chini. Tangu siku hiyo kazi yangu kabla ya kila onyesho ikawa kukagua: amplifaya, mfuko wa gitaa, chupa ya soda, tangi la maji chooni. Nilikuwa nikifika hotelini saa mbili kabla ya wenzangu, na sikufika ili kupasha koo. Mpiga besi wetu, mzee mwenye maneno machache, aliniangalia siku moja nikiwa nimepiga magoti nyuma ya spika na tochi mkononi, akaniambia, “Dada, sisi tulikuajiri uimbe. Hii ya uaskari umepewa na nani?” Nilimkasirikia wiki mbili. Baadaye nilirekodiwa nikiimba, nikasikia pumzi yangu ilivyokuwa fupi na mistari nilivyoikata njiani, nikakiri kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Mlevi akitaka pombe ataipata, hata kwa mwendo wa maili 5 kwa saa. Saa unazotumia kumzuia zinatoka katika mazoezi yako, usingizi wako na nyimbo ambazo hukuziandika, na yeye hazimsaidii kitu.

Jambo la kazi lililoniumiza zaidi ya yote lilikuwa dogo sana. Sikuzijua kii za nyimbo zangu mwenyewe, yaani kiwango cha sauti ambacho kila wimbo unapigwa, juu au chini. Nilizoea kuimba pale anapoanzia mume wangu; alikuwa na sikio la ajabu, alijua hata siku ambazo koo langu lina mafua, akashusha wimbo bila kuulizwa, nami nikaona huo ndio mapenzi, na kwa kweli ulikuwa. Kisha ikaja harusi moja Naivasha. Saa nane mchana wageni walikuwa wameketi, mume wangu hakuonekana, simu yake imezimwa, na kijana wa kinanda akaniuliza swali ambalo mwimbaji yeyote anapaswa kulijibu akiwa usingizini: “Kii gani?” Sikuwa na jibu. Tulianza kila wimbo kwa kubahatisha, nyingine juu mno nikapayuka, nyingine chini mno nisisikike, na kabla ya keki kukatwa mjomba wa bibi harusi alikuja kutudai arbuni yake kwa adabu iliyouma kuliko matusi. Usiku ule nilikaa na kinanda nikaandika kii ya kila wimbo kwenye pembe ya ukurasa kwa wino mwekundu. Fanyeni hivyo wiki hii, hata kama mpenzi wenu hajawahi kugusa pombe.

Mengine ya namna hiyo nitayapitia haraka. Bendi isiitwe kwa jina lake wala lako pamoja na lake, kwa sababu jina likiharibika linawaharibu wote. George alikosa maonyesho mengi hadi akabandikwa jina la No Show Jones, yaani Jones asiyefika, na mapromota wakamshtaki, na anayeuza tiketi kwa jina la namna hiyo hana pa kujificha. Arbuni ipokelewe na mtu wa tatu, wala isiingie katika simu yake au yako. Awepo mpiga gitaa wa pili anayezijua nyimbo na anayelipwa nauli ya mazoezi hata asipohitajika. Safirini kwa magari tofauti. Wimbo mkiutunga pamoja, andikeni siku hiyo hiyo nani ana fungu gani, mtie saini, kisha mkausajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwani siku ya kugombana kumbukumbu za watu wawili hazifanani.

Mtasikia pia, hasa kutoka kwa mashabiki wa kiume, kwamba pombe ndiyo inayoipa sauti uchungu. Mwaka 1980 George alitoa wimbo uliomrudisha juu, na wengi husema ndio wimbo bora wa kantri uliowahi kurekodiwa. Wanaousifu hawasemi kwamba ndani yake kuna mistari michache ya kusemwa tu, bila kuimba, na kwamba kwa masimulizi ya Sherrill mistari hiyo ilichelewa kupatikana kwa miezi mingi kwa sababu ulimi wa George ulikuwa mzito mno kwa ulevi. Kuimba aliweza. Kusema sentensi nne akashindwa.

Kuhusu tiba nitasema yale niliyofundishwa kwa kuchelewa. Msimwage pombe ya mtu aliyezoea kunywa kila siku na kumfungia ndani mkidhani mnamsaidia. Mwili uliozoea unaponyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wapo wanaokufa kwa hilo, kwa hiyo kuacha kufanyike chini ya uangalizi wa daktari. Kwa Kenya, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na anayeruhusiwa kupiga ni hata mke, mama au mwenzake wa bendi. Mimi nilipiga nikidhani nitaulizwa habari zake, nikashangaa kuulizwa ninalala saa ngapi kwa usiku.

Msijipe cheo cha mwokozi. Tammy na George waliachana mwaka 1975. Mwaka 1983 George alimwoa Nancy, mwanamke ambaye husifiwa, na kwa haki, kwamba alimtoa shimoni. Hata hivyo Machi 1999, miaka 16 ndani ya ndoa hiyo njema, aligonga daraja kwa gari akiwa amelewa, akanusurika kwa tabu, na baada ya hapo ndipo alipoacha kabisa hadi alipofariki mwaka 2013 akiwa na miaka 81. Tammy hakuiona siku hiyo. Alifariki Aprili 1998 akiwa na miaka 55, baada ya maradhi na upasuaji wa mara nyingi na utegemezi wake mwenyewe wa dawa za maumivu. Siwezi kusema lipi lilizaa lipi, lakini nikiwafikiria wawili hao, aliyekuwa akinywa na aliyekuwa akimtafuta usiku, hunijia kwamba hakuna aliyekuwa akimtafuta Tammy mwenyewe.

Jihadharini pia na wanaofaidika na kidonda chenu. Mwaka mmoja baada ya talaka, wimbo wa Tammy na George kuhusu pete ya ndoa ulishika namba moja, nao wakaendelea kuimba pamoja, kwa kuwa watu walitaka kuwaona wakipendana jukwaani hata kama nyumba imekwisha kuvunjika. Nasi baada ya kutengana, meneja wa hoteli moja alitusihi tusitangaze, akasema wateja wanapenda kuja kuwaona “wale mke na mume.” Tuliimba hivyo miezi mitano, mkono wangu begani mwake, na kila usiku nilirudi nyumbani nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Tammy, hata alipokuwa na nyumba za kifahari, aliendelea kulipia leseni yake ya saluni kila mwaka. Mimi nina cherehani. Iwapo mna ufundi mwingine wowote, msiuache.

Mume wangu alifariki miaka minne baada ya kuachana kwetu, kwa ugonjwa wa ini. Habari zilinifikia Jumamosi saa kumi na moja jioni tukipima sauti kwa ajili ya sherehe ya kustaafu ya mwalimu mmoja Nakuru. Kijana wa gitaa, ambaye hakuwahi kuonana naye, alinisikia nikizungumza kwenye simu, akauliza kama tuwaombe wenye shughuli radhi tuondoke. Nilimwambia arbuni imekwisha kupokelewa na watu wameketi. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza wa seti, akainama kuitazama pembe yenye wino mwekundu, akasoma, “G,” akafunga kapo yake, kile kibanio cha kupandisha sauti, kwenye shingo ya gitaa, akaifungua tena, kisha akaanza taratibu kuliko tulivyozoea.