Kabla ya ampea, uliza kA

Swali: Mhandisi, salamu. Najenga nyumba za kupangisha za orofa tano hapa Roysambu. Transfoma ya 315 kVA iko nje ya ukuta wangu, kama mita 15 kutoka chumba cha mita. Mafundi wawili wameniletea bei ya bodi kuu. Kwenye laini ya kila nyumba, wa kwanza ameweka breka ya 6 kA na wa pili ya 10 kA, na bei ya huyu wa pili iko juu sana. Breka zote ni za ampea 63. Mbona nilipe zaidi kwa kitu kile kile?
*Baba mwenye ploti, Roysambu*

Jibu: Mzee wangu, si kitu kile kile, na nashukuru umeuliza kabla ya kulipa. Ampea 63 zinakwambia breka itabeba mzigo gani siku za kawaida. Hiyo kA (kiloampea, yaani ampea elfu moja) inakwambia breka itaweza kukata nini siku ya shoti. Shoti ikitokea karibu na transfoma haijali kama mpangaji alikuwa amewasha taa moja au kumi. Inavuta chote ambacho transfoma inaweza kutoa.

Tupige hesabu. Chukua 315,000, gawanya kwa volti 415 mara 1.73, unapata ampea 438 hivi. Huo ndio mzigo kamili wa transfoma. Kwenye kibao cha transfoma pia kuna asilimia ya impidansi (ukinzani wa transfoma yenyewe), na kwa ukubwa huo mara nyingi ni 4 hivi. (Transfoma ni ya Kenya Power, kwa hivyo mtu asipande nguzo kwenda kusoma. Omba takwimu hizo ofisini kwao.) Gawanya 438 kwa 0.04, unafika karibu ampea 11,000, yaani 11 kA, pale kebo inapoanzia. Kebo nene ya shaba ya mita 15 inapunguza kidogo tu. Kwenye basibaa (vipande vya chuma vinavyogawa umeme ndani ya bodi) za bodi yako bado uko karibu na 10 kA, na fundi wa kwanza anataka kuweka hapo breka iliyopimwa kukata 6.

Kwenye karakana yetu Industrial Area kuna breka ninayowaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kazi. Ilitoka kwenye bodi ya namna hiyo. Plastiki imepasuka kufuata mstari wa riveti. Ndani, vile vibati vyembamba vya chuma vinavyotakiwa kuugawanya na kuuzima moto wa cheche vimeyeyuka vikashikana. Kipini kimeshuka, na yeyote angeapa kwamba imezima. Lakini ukiweka mita huku na huku, inalia: ncha za ndani zimeungana na umeme unapita. Fikiria mtu anayeishika laini hiyo akiamini ameizima.

Kwa hivyo kwenye chumba cha mita, 6 kA peke yake haifai. Hata 10 kA iko ukingoni kabisa, haina akiba. Mwambie fundi wa pili akuchagulie moja kati ya mambo mawili: breka za 15 kA, au zile za 10 kA zikiwa nyuma ya breka kuu ambayo mtengenezaji mwenyewe amezipima pamoja. Watengenezaji wazuri wana jedwali la jambo hilo, linaloonyesha breka kubwa ikisaidia ndogo kukata shoti iliyo juu ya uwezo wake. Akuonyeshe jedwali lenyewe, likiwa na namba za breka anazokuletea. Breka kuu ya kampuni moja na ndogo za kampuni nyingine haziwezi kudaiwa kusaidiana hivyo kama hakuna aliyezipima pamoja.

Breka kuu ningetaka iwe ya 25 kA, kwa sababu Roysambu inajengwa kwa kasi. Siku transfoma hiyo itabadilishwa iwe ya 630 kVA yenye asilimia ile ile, shoti pale inapoanzia itakuwa karibu 22 kA. Bodi inakaa miaka mingi kuliko transfoma iliyo nje leo. Siku hiyo mwite fundi azikague upya breka ndogo pia.

Sasa mahali pa kuokoa pesa. Ndani ya nyumba za wapangaji zilizo mbali na chumba cha mita, usikubali kuuziwa 10 kA. Kebo ya milimita 10 mraba ikishasafiri mita 30 kwenda orofa ya juu, shoti inayofika kule haizidi 2 kA hivi. Breka za 6 kA zinatosha kabisa.

Swali: Mimi ni fundi wa zamu katika kiwanda kimoja Athi River. Mashine moja ikipiga shoti, breka yake ya ampea 250 inajizima, lakini breka kuu ya 630 nayo inajizima na kiwanda kizima kinasimama. Bosi anasema breka kuu ni mbovu tuibadilishe. Nimejaribu kuongeza seti yake, bado.
*Fundi wa zamu, Athi River*

Jibu: Ndugu, huenda breka kuu ni nzima kabisa. Kama ni ya kawaida yenye sumaku na imewekwa mara 5 ya ampea zake, inajizima papo hapo shoti ikifika ampea 3,150. Ile ya 250 ikiwa mara 10, yake ni 2,500. Shoti ya, tuseme, 8 kA imewapita wote wawili, kwa hivyo wote wanakimbia kukata kwa wakati mmoja. Kuongeza seti hakuwezi kuponya hilo, maana shoti bado iko juu yake.

Unachohitaji ni breka kuu isubiri kidogo. Tafuta yenye kidhibiti cha kielektroniki kinachoweza kucheleweshwa, tuseme sekunde 0.1 au 0.2, ili ndogo imalize kazi kwanza. Halafu lisome jedwali la mtengenezaji ujue mpangilio huo unashika hadi kA ngapi. Na kabla ya kuweka ucheleweshaji wowote, hakikisha basibaa na vishikilio vyake vinaweza kuistahimili shoti kwa muda huo wote. Namba hiyo inapaswa kuwa kwenye karatasi za bodi. Kama bodi haina karatasi, usiicheleweshe.

Jambo moja ambalo hukuuliza: mkiwa kwenye jenereta, shoti inakuwa ndogo sana kuliko ya transfoma. Breka iliyowekwa mara 10 huenda isiione kama shoti, ikaendelea kupasha kebo moto. Pima upande huo pia.

Swali: Nina beka ya mikate Kayole. Unga umejaa kwenye bodi. Fundi wa jua kali Kariobangi anaweza kunitengenezea kabati la chuma. Ni sawa?
*Mama wa beka, Kayole*

Jibu: Dada, kabati la kutundika breka chache anaweza kulitengeneza vizuri. Muagize mlango wenye mpira wa kuziba pande zote na glandi (kizibo kinachoikaza kebo) kila kebo inapoingia. Kiwango cha kutaja ni IP54: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji yanayorushwa. Lakini kabati lililozibwa hivyo linabaki na joto lake, na karibu na oveni joto huwa jingi. Liwe kubwa kuliko unavyodhani, breka zisibanane, na likae ukuta wa mbali na oveni.

Bodi kuu yenye basibaa usimpe. Hiyo nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha majaribio ya IEC 61439 ya muundo huo, pamoja na karatasi ya ukaguzi wa bodi yako yenyewe. Atakayeifunga awe na leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na uisome mwenyewe uone daraja lake linaruhusu stima ya fezi tatu. Unga uliomo sasa usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Zima meni, fundi apime ahakikishe hakuna umeme, kisha aunyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi.