Penseli ndani ya mahakama

Mwanangu,

Marahaba. Zile picha ulizonitumia kwenye simu nimezitazama moja moja. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini kesi kubwa za Ulaya na Marekani huonyeshwa kwenye taarifa ya habari kwa michoro ya mkono wakati kila mtu ana kamera mfukoni, na kama michoro hiyo ni kumbukumbu kweli au ni mapambo tu ya gazeti. Ya kuchora unayajua kunishinda. Mimi nitakujibu kama karani wa mahakama mstaafu, kwa sababu nadhani ndiyo maana hukumuuliza baba yako.

La kwanza ni jepesi: kamera zilifukuzwa. Mwaka 1935, huko Flemington, New Jersey, Bruno Hauptmann alishtakiwa kwa kumteka na kumuua mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh. Waandishi na wapiga picha walifurika, mahakama ikageuka mnada. Mwaka 1937 chama cha mawakili cha Marekani kikapitisha mwongozo wa kuzuia kamera mahakamani, na mwaka 1946 mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, zikaweka kanuni ya kukataza picha katika kesi za jinai. Kanuni hiyo ipo mpaka leo. Magazeti na televisheni bado vilitaka sura za watu, vikaajiri wachoraji. Baadaye majimbo mengi yaliruhusu kamera, hasa baada ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kusema mwaka 1981 kwamba hakuna ubaya, na wachoraji wengi wakakosa kazi.

Waingereza ndio wamenichekesha. Sheria yao ya 1925 inakataza kupiga picha mahakamani, na inakataza pia kuchora humo ndani mchoro wa kuchapishwa. Basi mchoraji anaingia na kijidaftari cha kuandika maneno tu: tai ya bluu, upara unaanza, ameshika kidevu. Akishaona ya kutosha anatoka nje, anachora kwa kichwa, mbio mbio, maana taarifa ya jioni haimsubiri. Michoro ya Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, imepita njia hiyo.

La pili ndilo lenye nyama. Wewe unapima mchoro kwa kuulinganisha na kamera, na hapo lazima ushindwe. Ulinganishe na jalada la kesi.

Watu hudhani mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu inayoandikwa mahakamani, una kila neno lililosemwa. Hauna. Hapa Tanzania, miaka yangu yote hakimu aliandika mwenyewe, kwa mkono, tena kwa Kiingereza huku shahidi akisema Kiswahili; sheria ya lugha ya mahakama ilibadilishwa mwaka 2021. Na Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamwelekeza kwa kawaida aandike ushahidi kama masimulizi, si swali kwa jibu. Wakili anauliza maswali sita, kwenye jalada inaingia sentensi moja. Ndiyo maana mawakili wazoefu hawamtazami shahidi, wanatazama kalamu ya hakimu, ikisimama, wanaendelea. Shahidi akienda kasi anaambiwa, "Taratibu, mama, naandika."

Sheria hiyohiyo inamtaka hakimu aandike lolote analoona la maana kuhusu jinsi shahidi alivyokuwa akitoa ushahidi: alisitasita, alikwepa kuangalia watu, alilia. Katika majalada niliyoyashika, sehemu hiyo mara nyingi ilikuwa mstari mmoja, au hamna kitu. Na hiyo ni ya shahidi. Mshtakiwa aliyekaa kimya kizimbani haandikwi na mtu.

Nakumbuka kijana mmoja wa kesi ya wizi. Siku ya hukumu, muda wote hakimu anasoma, alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati. Anauzungusha kidoleni, anavuta, anauzungusha tena, mpaka upindo ukafumuka wote ukaning'inia. Jalada linasema amepatikana na hatia, linataja kifungo, linasema ameelezwa haki yake ya kukata rufaa. Shati halimo. Ungekuwepo wewe na penseli, lingekuwemo.

Sasa chukua Chicago, Oktoba 1969. Bobby Seale wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, alikuwa ameshtakiwa pamoja na wenzake saba kwa ghasia za mkutano wa chama cha Democratic wa mwaka uliotangulia. Wakili aliyemtaka hakuwepo, akadai ajitetee mwenyewe, hakunyamaza. Jaji Julius Hoffman akaamuru afungwe kwenye kiti na azibwe mdomo. Ni mahakama ya shirikisho, hakuna kamera. Howard Brodie na Franklin McMahon walikuwemo wakichora, na Wamarekani walimwona Seale amefungwa hivyo kupitia mikono ya wachoraji. Jalada hubeba kinachosemwa, mwanangu. Mtu aliyezibwa mdomo utamwandika vipi?

Lakini usije ukaniambia mchoro hausemi uongo. Mwaka 1970 huko Los Angeles, Charles Manson, mshtakiwa wa kesi ya mauaji, alimrukia jaji, penseli mkononi. Ni jambo la sekunde chache, na mchoraji Bill Robles alilichora. Hakuna mkono unaoweza kuchora hilo linapotokea. Ile ni kumbukumbu ya kichwani iliyowekwa kwenye karatasi wakati bado ina moto. Mchoraji pia hukusanya mambo ya saa nzima katika karatasi moja, wakili aliyesimama asubuhi akaonekana pamoja na shahidi aliyelia mchana. Na kuna siku mkono unakataa tu. Mwaka 2015 mchoraji Jane Rosenberg alimchora Tom Brady, mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani, mahakamani New York, uso ukatoka umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Dunia nzima ikamcheka, akaomba radhi. Mwanamke huyohuyo, Aprili 2023, alimchora Donald Trump akisomewa mashtaka. Wapiga picha waliingizwa kwa dakika chache kabla, picha zao zipo, lakini jarida la New Yorker liliweka mchoro wa Rosenberg kwenye jalada lake la mbele. Kwangu mimi mchoro ni shahidi aliyekuwepo. Asikilizwe, na ahojiwe kama wengine.

Ukitaka kamera, nenda Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilirekodi mashauri yake kwa video mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Ni hazina, silipingi, ila nani atakaa azitazame saa zote hizo?

Hapa kwetu, fikiria kesi ya uhaini ya mwaka 1970, Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi hii akiwaita wanawake TANU, alikuwa mmoja wa washtakiwa. Akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Picha zake tunazozijua ni za jukwaani, mkono juu, watu wamejaa. Maneno ya kesi ile yanasomeka kwenye hukumu. Alivyokaa siku ya hukumu, macho yaliangalia wapi, hilo ningetoa pesa nilione.

Na leo nenda mahakama ya Kisutu siku ya kesi kubwa. Wapiga picha wako nje wanasubiri karandinga. Wanampata mshtakiwa akishuka, kanga usoni, wanampata akipanda. Ukikusanya picha hizo utadhani kesi zetu zote zilifanyika mlangoni.

Kwa hiyo ukiniuliza uje ukae ndani na daftari lako, nasema njoo. Mahakama ni ya wazi, ila omba ruhusa kwa hakimu kabla hujatoa penseli, usije ukaonekana unafanya kihoja. Kesi za watoto usizikaribie, zinasikilizwa faragha. Mtoto anayetoa ushahidi au mwanamke aliyebakwa usichore uso, hata ukikumbuka vizuri kiasi gani. Chora mikono, mimi miaka yote niliisoma mikono. Na usianze na kesi yenye majina makubwa, askari watakuwa wengi na nafasi ya kukaa hakuna. Anza na kesi ya kawaida, asubuhi, benchi la pembeni ambapo unamwona mshtakiwa kwa ubavu.

Nitamuuliza yule dada aliyeshika meza yangu ni chumba gani kina hakimu anayeandika polepole. Huyo ndiye atakayekupa muda.

Mama yako,
Magomeni, Dar es Salaam