Presha imepotea wapi? Majibu kwa wenye mashine za kuoshea za maji moto

Fundi, mashine yangu ilikuwa inang'oa tope lililoganda, siku hizi inalilowesha tu. Pampu inanguruma vilevile. Ninunue pampu nyingine?

Usinunue kitu bado. Kazi ya pampu ni kusukuma maji. Presha inatokea pale maji hayo yanapolazimishwa kupita kwenye tundu dogo la nozeli, kile kichwa cha mbele kinachotoa maji. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu pampu, hakikisha mambo mawili: kwamba maji yanaifikia ya kutosha, na kwamba tundu bado ni dogo.

Chomoa mpira unaoleta maji kwenye mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Kama mashine imeandikwa lita 15 kwa dakika, ndoo ijae ndani ya sekunde 80. Ikifika dakika mbili, tatizo liko kwenye bomba lako na hata pampu mpya ingekosa nguvu. Fungua pia filta ya kuingilia maji, kale kawavu kanakosahaulika mpaka kanashika utelezi na mchanga.

Maji yakiwa yanatosha, nenda kwenye nozeli. Maji yanakula chuma taratibu, na yakiwa na mchanga yanakula haraka. Kipenyo cha tundu kikipanuka kwa asilimia 10 tu, maji yakibaki yaleyale, presha inashuka karibu theluthi: bar 200 zinakuwa kama 137. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo, ndiyo maana watu wengi wanafungua pampu nzima bure. Weka nozeli mpya ya namba ileile, kisha pima tena. Angalia pia kama kuna mtu aliacha nozeli nyeusi, ile ya sabuni. Hiyo imetengenezwa itoe maji bila nguvu.

Geji inaonyesha presha kubwa kuliko kawaida, lakini kwenye bunduki maji ni dhaifu. Geji imeharibika?

Mara nyingi geji inasema kweli. Pampu inasukuma, ila mbele yake njia imebanwa, na maji mengi yanarudishwa nyuma na anloda, ile valvu inayoyazungusha unapoachia bunduki.

Zima kichomeo, ufanye jaribio hili kwa maji baridi. Zima mashine, bonyeza bunduki mpaka presha yote itoke, kisha toa nozeli. Washa tena huku umebonyeza bunduki, uitazame geji. Ikianguka karibu na sifuri, uchafu ulikuwa kwenye nozeli. Ikibaki juu, kizuizi kiko kwenye fimbo, bunduki, mpira au koili, lile bomba la kujikunja ambamo maji yanapashwa moto. Funga mpira moja kwa moja kwenye tundu la kutokea la pampu, ukiruka koili. Geji ikishuka sasa, umempata: ni koili.

Koili inaziba kwa chokaa. Maji yenye chumvichumvi yakichemshwa yanaacha tabaka jeupe ndani ya bomba, na kila tabaka linapunguza njia na kuzuia moto usifike kwenye maji. Ndiyo maana mwenye tatizo hili huona pia dizeli inaisha haraka huku maji hayapati joto. Inasafishwa kwa kuzungusha dawa ya kuondoa chokaa, kisha kusuuza kwa maji mengi. Dawa hizo ni asidi: vaa glavu na miwani, na ufuate kipimo kilichoandikwa.

Mpira unarukaruka mkononi, presha inapanda na kushuka. Ni sili?

Huenda sili, yaani vizibo vya kuzuia maji yasivuje, zimekwisha, lakini tafuta hewa kwanza. Pampu inayovuta hewa ni kama mtu anayekunywa kwa mrija uliopasuka. Kaza klipu za upande wa kuvutia, kagua oringi (pete za mpira) za maungio, halafu angalia dumu la sabuni: kwenye mashine ambazo sabuni huvutwa na pampu, dumu likiisha huku valvu yake iko wazi, pampu inakunywa hewa. Ukiweka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye njia ya kuvutia, utaona mapovu yakipita.

Kama hakuna hewa, fungua valvu za pampu. Pampu ya plunja tatu, zile fimbo za ndani zinazosukuma maji, ina valvu sita, na punje moja ya mchanga chini ya valvu moja inatosha kuifanya plunja hiyo isifanye kazi. Sili zilizokwisha kwa kawaida hujionyesha zenyewe kwa maji yanayodondoka chini ya pampu.

Asubuhi inaanza vizuri, baadaye inalegea. Joto linaua pampu?

Kwa kawaida maji yanapashwa moto baada ya kutoka kwenye pampu, kwa hiyo yenyewe inafanya kazi na maji baridi. Kwa hiyo angalia maji yanayoingia: fungua mfuniko wa tangi dogo lenye boya linaloilisha pampu, mtu abonyeze bunduki, wewe tazama kina. Kikishuka polepole, maji yanaingia machache kuliko yanayotoka.

Sababu nyingine ni kuachia bunduki muda mrefu huku injini inazunguka. Kwenye mashine ambayo anloda inarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu, maji yaleyale yanazunguka na kupata joto, na maji ya moto yanapovutwa yanafanya mapovu ya mvuke yanayotafuna valvu na sili. Ukisimama zaidi ya dakika mbili tatu, zima.

Nikikaza skrubu ya anloda nitarudisha presha?

Tafadhali usifanye hivyo. Nozeli ikiwa imepanuka, maji yote tayari yanapita kwenye bunduki na kukaza hakuongezi kitu. Madhara yanakuja unapoachia bunduki: presha inaruka juu ya kiwango, na mpira au koili inaweza kupasuka. Anloda irekebishwe na anayeijua, geji ikiwa imefungwa, baada ya nozeli sahihi kuwekwa.

Presha ikishuka, moto nao unazimika. Naweza kuunganisha waya ili uwake moja kwa moja?

Hapana kabisa. Kuna swichi ya usalama inayozima moto maji yasipopita vya kutosha, kwa sababu maji yaliyosimama ndani ya koili yenye moto yanageuka mvuke. Rudisha presha, moto utawaka wenyewe.