Napata cheki ya disabiliti, nimepata kazi ya masaa 20: watanikata?

Swali: Habari dada. Niko Louisville, Kentucky. Niliumia mgongo kiwanda cha nyama, napata cheki ya disabiliti tangu 2022, inaingia Jumatano ya pili ya mwezi. Saivi nimepata kazi ya masaa 20 kwa wiki, dola 15 kwa saa. Watu wa kanisani wanasema ukigusa kazi tu cheki inakatwa. Alafu mwisho wa 2023 nilifanya kazi miezi miwili, kama dola 1,200 kwa mwezi, sikuripoti. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, hao wa kanisani hawakudanganyi, ila wanaongelea cheki yao sio yako. Marekani kuna cheki mbili na watu wanazichanganya kila siku. SSI ni ya mwenye kipato kidogo hata kama hajawahi kufanya kazi, na inaingia tarehe 1. SSDI ni ya aliyekatwa kodi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali) kazini, inaingia Jumatano kulingana na siku ya kuzaliwa, waliozaliwa tarehe 1 hadi 10 ni Jumatano ya pili (na sisi wakimbizi tulioandikiwa wote tumezaliwa Januari 1 kambini tunajuana). Kwa maelezo yako wewe ni SSDI.

Mtu wa SSI kweli anapunguziwa. Akipata mshahara wa dola 885 kwa mwezi, na hana kipato kingine, hawahesabu 85 za mwanzo, zinabaki 800, nusu yake 400 inatolewa kwenye cheki. Cheki kamili ya serikali kuu 2025 ilikuwa 967, kwahiyo kwa kiwango hicho atapata 567, ila ukijumlisha na mshahara ana 1,452, bado kafaidika, sijui kwanini watu hawafikagi mpaka kwenye hesabu hiyo.

Wewe hupunguziwi kidogo kidogo, ni yote au hakuna. Unapewa miezi 9 ya kujaribu kazi, hata isipofuatana, ndani ya miezi 60, na humo upate pesa ngapi cheki inaingia yote mradi uripoti na bado uwe na ulemavu. Kwa 2025 mwezi ulihesabiwa ukizidi dola 1,160. Masaa yako 20 ni kama dola 1,300 kwa mwezi, kwahiyo kila mwezi wa kazi unakula mmoja kwenye ile 9. Na ile miwili ya 2023 nayo imo, sababu kiwango cha mwaka ule kilikuwa 1,050. Umebakiza 7. Habari njema ni kwamba kwa miezi ile miwili hudaiwi, ila iripoti mwenyewe sasa hivi, maana W-2 yako (fomu ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) inafika Social Security, wataiona tu.

Miezi 9 ikiisha kunakuja mstari mwingine wa mshahara wa mwezi, ulikuwa 1,620 kwa 2025 (kwa asiyeona ulikuwa 2,700). Ukibaki kwenye 1,300 uko chini, cheki inaendelea. Shida ni bosi akikupenda akakuongeza mpaka masaa 28, hapo unafika 1,820 na umevuka. Mara ya kwanza ukivuka wanalipa mwezi huo na miwili inayofuata, baada ya hapo mwezi uliovuka hulipwi, ukishuka unalipwa bila kuomba upya, na hii inaenda miezi 36 tangu majaribio yaishe. Medicare (bima ya afya ya wenye SSDI) haiondoki haraka hivyo.

Wanaangalia mshahara kabla ya makato, sio kilichoingia benki, hapa ndio wengi wanapoumia. Lakini kwenye ule mstari wa 1,620 unaweza kutoa gharama unazolipa mwenyewe kwa ajili ya ugonjwa ili uweze kufanya kazi, mfano dawa za mgongo ambazo bima haikulipa. Ukipata 1,700 na ukalipa 120 za dawa, wanahesabu 1,580. Tunza risiti, bila risiti utabishana nao bure.

Kuripoti piga 1-800-772-1213 au nenda ofisini kwao, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usimtoe mtoto shule akakutafsirie. Beba karatasi za mshahara, na usitoke bila karatasi inayoonyesha umeripoti. Viwango hivi hubadilika kila Januari, kwahiyo uliza vya mwaka huu kabla hujakubali ovataimu.