Useremala na kompyuta ndani ya nyumba moja: panga vumbi kwanza

Mkuu, umeuliza kama mtu wa nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kibaraza, mwenye mke na watoto, anaweza kufanya useremala wa kujifurahisha na huku akifufua kompyuta chakavu, bila kuua mashine wala kuvunja amani ya nyumba. Inawezekana kabisa. Mimi niko Tanga, nina ajira yangu nyingine, na kazi hizi mbili nazifanya nyumbani baada ya saa za kazi na mwisho wa wiki, kwa miaka sasa. Waliotangulia kukujibu wameongelea bei za mashine. Naona wameliruka jambo lenyewe, ambalo ni vumbi.

Kompyuta ya mezani inavuta hewa muda wote inapowaka. Chochote kinachoelea chumbani kinapita ndani yake, na unga wa mbao unanasa kwenye mapezi ya ile aluminiamu ya kupozea iliyokalia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Joto likikosa pa kutokea, mashine inapunguza kasi yenyewe, na ikizidiwa inajizima. Sisi wa pwani tuna la ziada, maana hewa yetu ina unyevu na chumvi. Unga ule ukishafyonza unyevu hautoki kwa kupuliza tu, unagandamana na kushika maji karibu na nyaya na meno ya kuunganishia vifaa.

Kwa hiyo kabla hujauliza ununue kifaa gani, uliza kinatoa taka ya namna gani. Randa ya mkono inatoa maranda, nayo ni mazito, yanaanguka miguuni pako, unafagia yanaisha. Msumeno wa mkono unatoa unga mnene unaodondoka palepale unapokata. Lakini mashine ya msasa na msumeno wa umeme vinatoa vumbi jepesi ambalo bado linaelea wakati wewe umeshaoga na kukaa kula. Kwa nyumba ya kupanga nasimama na randa, patasi na msumeno wa mkono bila kusita. Tena havina kelele. Saa mbili usiku napiga randa barazani na mtoto wa jirani amelala.

Na maranda yana kazi. Mama watoto anafuga kuku nyuma ya nyumba, na maranda safi ya paina ndiyo anayotandika kwenye banda la vifaranga. Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza nitapiga randa lini. Asipewe unga, wala maranda ya mbao zilizopakwa dawa.

Kuhusu afya usifanye mzaha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilishaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 1995. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa wanaouchana kila siku. MDF, ile mbao ya kiwandani ya nyuzi za mbao na gundi, ndiyo siikati nyumbani hata kidogo, kwa sababu unga wake ni laini mno na gundi yake ina formaldehaidi. Vaa barakoa inayobana vizuri, na watoto wakae mbali mpaka umalize kufagia. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kasha la mbao la kompyuta. Hapa ndipo kazi mbili zinapokutana. Mbao nzuri ni mninga, kwa sababu ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana, na kwa hewa ya pwani hilo ni jambo kubwa. Mtiki nao ni mzuri, na sisi tuna shamba la Longuza huku Muheza, ila una mafuta: pangusa sehemu ya kuunganisha kwa thina kabla tu ya kupaka gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Paina ni rahisi kwa kujifunzia. Shida ni kwamba mara nyingi inauzwa ikiwa mbichi. Ipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, uiache miezi kadhaa.

Bamba la chuma lililoshika ubao mama, ile sahani kubwa ambayo vifaa vyote vya kompyuta vinaungana nayo, kwenye kasha la zamani usilitupe. Lihamishie ndani ya mbao likiwa limefungwa pamoja na pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, ili chuma kibaki kimeunganishwa na waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu. Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo ukifunga ubao mama moja kwa moja kwenye mbao unapoteza ule ulinzi. Ubao mama wa saizi ya micro-ATX ni milimita 244 kwa 244, basi acha nafasi ya kutosha pande zote za kupitisha nyaya na mkono. Hewa iingie chini mbele kupitia kitambaa chepesi cha kuchuja, itokee juu nyuma kwa feni ya milimita 120. Mbao inashika joto kuliko bati, hivyo matundu yawe makubwa kuliko ya kasha la kiwandani. Vanishi ipakwe na kukauka kabisa kabla kifaa chochote hakijaingia, na usiipake karibu na kitu kinachotoa cheche. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Chumvi ile ile inayotia kutu kisu cha randa ndiyo inayochafua meno ya RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya muda inayochomekwa kwenye ubao mama. Randa naipaka mafuta kidogo kila nikimaliza. RAM ni kazi ya binti yangu. Anachomoa waya wa umeme, anabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, anagusa chuma cha kasha, kisha anatoa RAM na kusugua yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Anapangusa mabaki kwa brashi laini, anairudisha mpaka klipu zote mbili zilie. Kompyuta nyingi zinazoitwa "zimekufa", zinazolia pii pii bila kuleta picha, zinafufuka hapo hapo. Nyingine inasahau tarehe kila umeme ukikatika, halafu tovuti zinakataa kufunguka. Hiyo badilisha betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mama.

Mashine ya watoto nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, wanasoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila bando. Ukiwa na SSD ndogo, yaani diski ya kuhifadhia yenye kasi, na RAM ya GB 4, kompyuta ya zamani inatosha kwa hilo.

Amani ya nyumba haikuja kwa maneno. Kitu cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa rafu ya jikoni, kwa vipimo alivyotaka mama watoto mwenyewe. Kazi zangu zikafuata. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, na chumba cha kulala kisiingie ubao wala bisibisi.

Kwa kuanzia nunua randa moja, patasi mbili, msumeno na jiwe la kunolea. Upande wa kompyuta inatosha bisibisi ya nyota, brashi, kifutio na grisi ya prosesa. Kisha niandikie vipimo vya kibaraza chako, dirisha la chumba chenye kompyuta liko upande gani, na upepo wa jioni unatokea wapi. Benchi inatakiwa ikae mahali ambapo upepo unapeleka unga mbali na dirisha hilo, na hapo ndipo tuanzie kupima.