Hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma: itunze isichemshe

Wateja wengi wanaokuja gereji kwetu Nyakato, hapa Mwanza, wanaamini injini yenye hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) ya alumini ni mbovu tangu kiwandani, bora zile za chuma kitupu kama injini ya 1HZ ya Land Cruiser. Ni kweli 1HZ ni chuma juu na chini, na inavumilia mengi. Lakini injini ya 3S ya Noah ina hedi ya alumini juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, na nimeziona zikipiga kazi miaka bila hedi kufunguliwa. Zinazokufa zinauawa na joto pamoja na maji tunayozijazia.

Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi ya sentimita 45, ikitoka kwenye baridi ya asubuhi hadi joto la kazi, hutaka kurefuka kuliko bloku kwa zaidi ya theluthi ya milimita. Gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, imetengenezwa kuhimili msuguano huo kila siku. Gari ikichemsha, hedi inazidi kutanuka huku bolti zimeikaba, basi inapinda. Toyota nyingi ndogo zinaruhusu hedi ipinde 0.05 mm tu, kiasi ambacho jicho halioni. Tuliletewa Noah kutoka Magu, imeshabadilishwa gasketi mara mbili kwingine, na hedi haikuwahi kupimwa! Ndugu yangu, fundi aweke rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) chini yake mbele ya macho yako.

Huku kwetu kuchemsha ni rahisi kuliko pwani. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria yanachemka nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta ndio unaoshikilia presha, kwa hiyo ukichoka, kupanda kilima cha Isamilo mchana na abiria ni hatari. Bei yake ni ndogo, badilisha.

Halafu hayo maji ya ziwani. Yana madini, na yakigusa chuma na alumini kwa pamoja, umeme mdogo unapita na alumini ndiyo inayoliwa. Chomoa hozi ya juu kwenye injini iliyozoeshwa maji matupu, utakuta shingo ya alumini inapokaa hozi ina unga mweupe na vishimo. Vishimo hivyo vikifika chini ya gasketi, hata mpya haizibi. Weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu), nusu kwa nusu na maji ya kujazia betri (siyo asidi!), na uibadilishe kwa wakati, maana dawa yake huisha nguvu.

Thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, usikubali itupwe.

Ikichemsha, zima, subiri ipoe, usiimwagie maji baridi. Hedi ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, bolti zilegezwe kidogo kidogo kuanzia pembeni, na wakati wa kufunga zikazwe kuanzia katikati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Zipimwe urefu pia, na zilizovutika zisirudishwe.